Kutoka Chumba cha Dawa hadi Shahada ya Chuo Kikuu: Usharika Wetu na Elimu ya Watumishi wa Afya

Katika sura zilizotangulia za kitabu hiki msomaji amekwisha kuelezwa jinsi kanisa letu lilivyojengwa, jinsi shule ilivyofunguliwa, na majina ya wainjilisti na wachungaji waliotumika hapa kwa kipindi cha miaka mia moja. Kamati ya Jubilei iliniomba niandike juu ya jambo ambalo halijaandikwa popote hadi sasa, nalo ni safari ya watoto wa usharika huu katika elimu ya tiba, na hasa wale waliokwenda kutafuta shahada ya kwanza katika vyuo vikuu. Nimeona vema nianzie mbali kidogo, kwa maana vijana wetu wa leo hudhani ya kwamba vyuo vikuu vilikuwako siku zote.

Wamisionari wa Leipzig walipofika katika nchi ya Wachaga mwaka 1893 na kuanza kazi kule Machame, hawakutenganisha Injili na dawa. Kila kituo cha misioni kilikuwa na mahali pa kutibia vidonda na homa, hata kama palikuwa ni chumba kimoja chenye rafu na chupa chache. Ndivyo ilivyokuwa na hapa kwetu. Usharika wetu ulianza katika miaka ile migumu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wamisionari Wajerumani walikuwa wameondoshwa nchini mwaka 1920 na hawakuanza kurudi hadi mwaka 1925. Kusanyiko lilishikiliwa na walimu wenyeji, na wazee wanasimulia kwamba mwalimu wa kwanza alifunga vidonda vya watu mlangoni pa nyumba yake kila baada ya ibada ya asubuhi. Hakuwa na cheti cha aina yoyote. Alijifunza kwa kumtazama misionari, akaendelea pale misionari alipoishia.

Katika siku za utawala wa Waingereza elimu ya tiba kwa Mwafrika ilikuwa na ngazi za chini peke yake. Palikuwa na wavulana wa wodini, wauguzi wasaidizi, wakunga wa vijijini, na watu tuliowaita wasaidizi wa tiba. Hospitali za misioni zilifungua shule zake za uuguzi, na kwa upande wetu wa Kaskazini ile ya Machame ndiyo iliyojulikana zaidi. Mabinti wa kwanza kutoka usharika huu kuvaa sare nyeupe walipitia shule za namna hiyo. Aliyetaka kuwa daktari kamili hakuwa na mahali katika Tanganyika. Ilimpasa kwenda Makerere, nchini Uganda, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924, na nafasi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo wapatao 12 tu. Mwalimu Nyerere alilitaja jambo hilo mara nyingi, na mimi nililisikia nikiwa mtoto wa shule bila kulielewa. Nilikuja kulielewa nilipokuwa mchungaji na kuona wodi moja yenye wagonjwa wengi kuliko vitanda, na daktari mmoja akipita kama upepo.

Mwaka 1963 ilifunguliwa Shule ya Tiba ya Dar es Salaam, katika hospitali iliyojulikana baadaye kama Muhimbili. Mwaka 1968 shule hiyo ilifanywa kuwa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili. Kwa miaka mingi mtu aliposema anakwenda kusomea udaktari, maana yake alikuwa anakwenda Muhimbili au nje ya nchi. Wauguzi walingoja zaidi. Shahada ya kwanza ya uuguzi haikuanza kutolewa pale Muhimbili hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo muuguzi hodari kuliko wote aliishia kwenye stashahada, na ukimwuliza kwa nini hasongi mbele alikuwa akicheka tu.

Yafaa pia kukumbusha Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambalo vijana wa leo hawalijui kabisa. Kwa azimio hilo mhitimu wa kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja; ilimpasa kwanza kupita Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi, kisha apate mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama. Wazazi wengi walilalamika. Mimi naona kulikuwa na hekima ndani yake, hasa kwa masomo ya afya, kwa sababu mtu aliyekwisha kufanya kazi na watu maskini aliingia darasani akijua anasomea nini.

Tukio lililobadili hali ya sehemu hii ya nchi lilikuwa ni kufunguliwa kwa Hospitali ya Kikristo ya KCMC mjini Moshi, mwezi Machi mwaka 1971. Hospitali hiyo ilijengwa na Mfuko wa Msamaria Mwema, kwa juhudi ambazo Askofu Stefano Moshi na viongozi wenzake wa kanisa walizianza muda mrefu kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na kwa fedha nyingi kutoka kwa makanisa rafiki ya ng'ambo. Aliyeifungua ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Kuanzia mwanzo ilikusudiwa iwe mahali pa kutibu na pa kufundishia pia. Zilianza shule za uuguzi, za madaktari wasaidizi wa macho na wa usingizi, za tiba ya viungo, na mwaka 1981 kikaanza chuo cha mafundi wa viungo bandia, kinachojulikana kwa kifupi kama TATCOT, ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo hizo zote zilikuwa shule za cheti na stashahada. Sheria haikuruhusu chuo kikuu kisicho cha serikali mpaka mwaka 1995, lilipoanzishwa Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu.

Mara mlango ulipofunguliwa, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania halikuchelewa. Chuo Kikuu cha Tumaini kilianzishwa, na ndani yake vikawamo Makumira, ambako mimi na wachungaji wengi wa rika langu tulipata elimu ya theolojia, Iringa, na kile cha tiba cha KCMC kilichoanza mwaka 1997. Mwaka huohuo Profesa Hubert Kairuki alikuwa ameanzisha chuo chake jijini Dar es Salaam, na mwaka 2003 ndugu zetu Wakatoliki wakaanza cha Bugando, Mwanza. Kwa hiyo katika muda usiozidi miaka kumi nchi ilitoka katika chuo kimoja cha udaktari hadi vingi. Kile cha KCMC siku hizi kinaitwa Chuo Kikuu cha KCMC. Humo hutolewa shahada ya udaktari, na pia shahada za uuguzi, maabara ya afya, tiba ya viungo, na utengenezaji wa viungo bandia. Niseme hapa kwamba waumini wengi hudhani shahada ya udaktari ni ya ngazi ya juu kuliko nyingine kwa sababu ya hilo neno Daktari. Hapa Tanzania ni shahada ya kwanza kama nyingine, isipokuwa husomwa kwa miaka mitano badala ya mitatu au minne.

Sasa niingie katika habari zetu wenyewe.

Nilianza kuutumikia usharika huu mwaka 2001, baada ya miaka kadhaa ya kuwa mchungaji wa wagonjwa katika hospitali. Mwaka uliofuata alinijia mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa kahawa, akiwa na barua ya binti yake ya kukubaliwa kusomea shahada ya uuguzi katika chuo kikuu kisicho cha serikali. Binti huyo alikuwa wa kwanza katika usharika kupata nafasi ya shahada katika fani ya uuguzi. Barua ilikuwa na orodha ya gharama: ada, malazi, sare, vitabu, vifaa vya kupimia shinikizo la damu. Mzee hakuwa na fedha hizo. Msomaji akumbuke kwamba hiyo ndiyo ilikuwa miaka ambayo bei ya kahawa duniani ilianguka vibaya. Zao ambalo kuanzia siku za KNCU ya mwaka 1933 lilisomesha nusu ya Wachaga lilikuwa halilipi hata dawa ya kunyunyizia mibuni, na wengine walikwisha kuanza kuing'oa ili wapande nyanya.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa bado haijazaliwa. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2004 na kazi ikaanza mwaka 2005. Kabla ya hapo msaada wa serikali uliwaendea hasa wanafunzi wa vyuo vya umma, na aliyekwenda chuo cha kanisa au cha mtu binafsi alijitegemea. Yule mzee akasema atauza kipande cha kihamba.

Watu wasio wa mlima huu huenda wasielewe uzito wa neno hilo. Kihamba si shamba la kawaida. Ndani yake mna migomba na mibuni, ng'ombe zizini, na makaburi ya baba na babu. Ukoo ulikutana, nami nikaitwa. Wajomba na baba wadogo walikataa katakata, na mmoja wao akauliza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kama ni haki kumpa mgeni makaburi ya wazee ili binti akajifunze kutandika vitanda. Mama wa binti alikuwa amekaa nje karibu na jiko. Akainuka, akaingia, akasema kwamba yeye alizaa watoto wanane na wawili walifia mikononi mwa watu wasiojua wanachofanya, na kwamba ikiwa kutandika vitanda ndiko kulikokosekana siku ile, basi akajifunze kutandika vitanda. Kikao kikanyamaza kwa muda mrefu.

Kihamba hakikuuzwa. Ukoo ulikubali kukodisha shamba la mahindi la tambarare kwa misimu minne. Umoja wa Wanawake wa usharika ulichanga, na Jumapili tatu mfululizo mnada wa baada ya ibada ulitengwa kwa ajili hiyo. Walionunua mkungu mmoja wa ndizi mara tatu, kila mara wakiurudisha mezani, wanajijua, na wajukuu wao wanayo haki ya kujivunia. Binti alihitimu mwaka 2006.

Sijasoma fani hiyo, wala sitaki kujifanya mtaalamu. Lakini kwa sababu nilikaa na wanafunzi wa namna hiyo wodini, katika ibada za UKWATA, na baadaye sebuleni kwangu wakati wa likizo, ninaweza kueleza masomo hayo yalivyo, ili mzazi anayetaka kumpeleka mtoto ajue. Anayetoka kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu vizuri Kemia na Bayolojia, na kwa udaktari Fizikia pia. Ndiyo maana mzazi anayengoja hadi kidato cha tano kumwuliza mtoto kuhusu sayansi amekwisha kuchelewa. Anayetoka kwenye stashahada ya kazi hutakiwa awe na wastani mzuri, usiopungua 3.0 kwa vigezo vya sasa vya Tume ya Vyuo Vikuu kwa upande wa udaktari, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi wa kidato cha nne.

Mwaka wa kwanza na wa pili ni vitabu. Anatomia, fiziolojia, biokemia, na majina ya Kilatini yasiyo na mwisho. Mwanafunzi wa udaktari hukutana na maiti kabla ya kukutana na mgonjwa. Kijana mmoja wa kipaimara changu aliniambia kwamba usiku wa siku ile ya kwanza hakuweza kula nyama, na kwamba kilichomsumbua zaidi ni kutojua jina la mtu yule. Alitaka kujua kama ni sawa kumwombea. Nilimwambia amwombee.

Kisha huja wodi. Kuanzia hapo masomo huwa ni mizunguko: wiki kadhaa magonjwa ya ndani, wiki kadhaa upasuaji, watoto, uzazi, na afya ya jamii vijijini. Muuguzi mwanafunzi huwa na kitabu cha kutiwa saini kwa kila kazi aliyoifanya chini ya msimamizi, akina mama aliowazalisha, sindano, vidonda, na asipokijaza hafanyi mtihani. Mafundisho ni kwa Kiingereza, mgonjwa huongea Kiswahili, na bibi wa miaka themanini kutoka juu kabisa ya mlima huongea Kimachame au Kivunjo peke yake. Nimemwona mwanafunzi kutoka Kanda ya Ziwa akimwuliza bibi kama huyo maumivu yalianza lini, bibi akajibu kwa maelezo marefu yaliyoanzia kifo cha mumewe, mfagiaji wa wodi akatafsiri kwa maneno matatu, na mwanafunzi akaandika neno moja la Kiingereza katika faili. Nilisikitika kidogo, kwa maana katika yale maelezo marefu ndimo ugonjwa ulimokuwa. Wakufunzi wazuri wanalijua hilo na huwafundisha vijana kungoja.

Vitabu vilikuwa vichache. Katika miaka ya mwanzo kitabu kimoja cha upasuaji kiliazimwa kwa saa mbili na kurudishwa, na wanafunzi waliamka alfajiri kupanga foleni. Hali hiyo imebadilika sana kwa kompyuta, na pale KCMC hasa baada ya mwaka 2010, chuo kilipopata msaada mkubwa kutoka Marekani katika mpango wa kuimarisha elimu ya tiba Afrika.

Na akimaliza hajamaliza. Mhitimu wa udaktari, famasia au shahada ya uuguzi hufanya mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali iliyokubaliwa, ndipo baraza la fani yake limsajili. Wazazi wengi hufanya sherehe siku ya mahafali wakidhani kesho yake mtoto ataanza kazi. Mtoto hana moyo wa kuwaambia, na hucheza muziki pamoja nao.

Baada ya Bodi ya Mikopo kuanza, mambo yalirahisika kwa wengi, kwa kuwa fani za afya zilipewa kipaumbele. Lakini mkopo ni mkopo. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa na makato ya mwajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara. Juu yake palikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ambayo iliwafanya baadhi ya vijana wetu walipe miaka mitano na kukuta deni halijapungua. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, nasi tulimshukuru Mungu kanisani kwa jambo hilo, ingawa mwinjilisti mmoja aliona si desturi kutaja asilimia katika sala ya jumla.

Nimefika sasa kwenye habari ambayo baadhi ya wazee walishauri isiandikwe. Nimeona iandikwe, kwa sababu kitabu cha miaka mia chenye furaha peke yake hakitaaminiwa na watakaokisoma miaka mia ijayo.

Zahanati ya usharika ilikuwa na tabibu mmoja mwenye stashahada, kijana mwenye bidii, aliyekuwa amekaa nasi miaka saba. Alikuwa akitamani shahada ya udaktari. Kikwazo chake kilikuwa Fizikia ya kidato cha nne, naye akairudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akisoma usiku kwa taa ya kandili katika chumba cha dawa, na akafaulu. Mwaka 2009 akapata nafasi. Katika mfumo wetu stashahada yake haimpunguzii hata mwaka mmoja. Huanza sawa na kijana wa miaka ishirini aliyetoka kidato cha sita jana. Maana yake ilikuwa miaka mitano, na wa sita wa utarajali.

Halmashauri ya usharika ilikaa mara mbili. Upande mmoja ulisema: tumemlea, tumemzoea, akiondoka zahanati itabaki na muuguzi peke yake, na hatutapata mwingine, kwa kuwa wakati ule serikali ilikuwa ikijenga zahanati katika kila kijiji kwa mpango ulioanza mwaka 2007 na mishahara yake ilikuwa mizuri kuliko ya kanisa. Upande wa pili ulisema: tumehubiri elimu tangu mwaka usharika ulipoanza, je, leo tumfunge mtu kamba kwa sababu anatufaa? Yule tabibu mwenyewe alisimama akasema kitu ambacho sijakisahau. Alisema kwamba amekwisha kuwapa rufaa akina mama wengi wenye uchungu uliokwama, na kila mara gari linapoondoka yeye hubaki amesimama barabarani akijua ni upasuaji wa saa moja tu ambao hana ruhusa ya kuufanya. Ruhusa ya kwenda masomoni ilipita kwa kura chache.

Mtu wa kuziba nafasi yake hakupatikana kwa muda mrefu. Mwaka 2012, wakati wa masika, mama mmoja wa mtaa wa juu alifika zahanatini usiku akivuja damu kabla ya kujifungua. Muuguzi alifanya aliyoweza na kuagiza gari. Barabara ilikuwa matope, na mama huyo alifia njiani pamoja na mtoto. Nilimzika mimi. Makaburini mume wake aliniuliza kwa utulivu kabisa daktari wetu anamaliza lini.

Kuna waliosema kifo hicho kilitokana na uamuzi wa mwaka 2009. Wengine walisema hata kama tabibu angekuwepo asingeweza kumpasua, angeita gari lilelile na kupita katika matope yaleyale. Mimi naona wote walisema kweli, na kwamba barabara ilikuwa na sehemu yake ambayo hakuna aliyetaka kuitaja. Nimewahi kusikia hoja hii ikitumiwa kupinga shahada kwa watumishi wa vijijini, yaani kwamba cheti kinatosha, kwa sababu mwenye cheti hukaa. Siikubali. Ni hoja ya watu ambao wakiugua wao huenda moja kwa moja mjini kumtafuta mwenye shahada. Lakini pia sikubaliani na wanaosema elimu ya mtu ni mali yake peke yake. Shamba la tambarare lilikodishwa na ukoo mzima, mkungu ulinunuliwa mara tatu, na mama yule wa mtaa wa juu alilipa kwa namna yake bila kuulizwa.

Tabibu alihitimu mwaka 2014, akafanya utarajali, akasajiliwa. Alirudi kwetu na kusema yuko tayari. Hapo tukagundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria katika vile vikao viwili: zahanati haina nafasi ya daktari. Ikama yake ni ya tabibu na wauguzi, haina chumba cha upasuaji, na mapato yake hayawezi kulipa mshahara wa daktari hata kwa miezi mitatu. Akaajiriwa katika hospitali ya kanisa. Huja Jumamosi mbili kila mwezi kutibu wagonjwa wa usharika, na gari letu likipeleka mama mwenye uchungu uliokwama, mara nyingine yeye ndiye anayempokea upande wa pili.

Waliomfuata walikutana na wakati mwingine. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti, na wahitimu wa fani za afya, ambao zamani waligombaniwa kabla ya kuvua majoho, wakakaa nyumbani. Wazee wanakumbuka kwamba ilikuwa hivyo pia mwaka 1993. Kijana wetu mwenye shahada ya maabara ya afya alifuga kuku kwa miaka miwili karibu na zahanati ambayo darubini yake ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa kwa kukosa wa kuitumia. Kwa nini hakuajiriwa pale? Kwa sababu ileile ya mshahara. Alijitolea siku mbili kwa wiki kwa nauli na mayai, mpaka alipopata kazi mkoani Katavi.

Kutokana na mambo hayo usharika ulianzisha Mfuko wa Elimu ya Afya. Kanuni zake zilijadiliwa kwa karibu mwaka mzima. Wapo waliotaka kila anayesaidiwa afunge mkataba wa kutumika hapa miaka miwili. Wapo walioona huo ni utumwa, tena usiotekelezeka, kwa kuwa tumekwisha kuona kwamba hata anayetaka kurudi hana mahali pa kukaa. Mwishowe ilikubaliwa kwamba msaada urudishwe bila riba, kwa kiasi kilekile kilichotolewa, ndani ya miaka minane baada ya kupata ajira. Na kwamba atakayejitolea katika zahanati apunguziwe kwa kadiri ya siku alizotumika. Suala la wale wanaokwenda kufanya kazi nchi za nje bado halijaamuliwa. Halmashauri imeliahirisha mara tatu.

Fedha za kwanza kurudishwa zilitoka kwa yule muuguzi wa mwaka 2006, ambaye alisoma kabla mfuko haujakuwako na hakuwa anadaiwa chochote. Alizituma kwa simu kutoka mkoa anakofanya kazi, na mtunza hazina alipompigia kumwuliza ni za nini, alijibu kwamba ni za ule mkungu wa ndizi. Zimeandikwa hivyo katika daftari la mfuko, mstari wa kwanza.